Kila Mtu Aje na Kalamu Yake

Nimefundisha Kiswahili Kampala kwa miaka mingi kuliko ninavyopenda kukiri, na kama kuna kazi ya kumzeesha mtu kabla ya wakati, ni hiyo. Wanafunzi waliniandikia "nirikwenda" na "habali yako" mpaka kalamu yangu nyekundu ikakauka kabla ya muhula kwisha. Wazazi wao waliniuliza, kwa upole wa Kiganda unaouma kuliko tusi, kwa nini mtoto ajifunze lugha ya askari. Kwetu ilikuwa lugha ya nyumbani. Sisi ni Wanubi wa Kibuli. Babu wa babu yangu aliletwa huku na bunduki ya Mwingereza begani, na Kiswahili kikaja naye pamoja na dini na mapishi. Vita vilipoisha mwaka wa themanini na sita nilikuwa darasa la tano, na kwa muda mrefu mama alituonya tusikiseme kwa sauti sokoni, watu wasituhesabu pamoja na askari walioshindwa. Nadhani ndiyo maana nilipokua nikaenda kukisomea chuoni Kyambogo. Nilitaka nikiseme kwa sauti, tena nilipwe.

Mama yangu alikuwa mpishi wa shughuli. Harusi, akika, hitima, maulidi, Kibuli yote ilipita katika sufuria zake. Hakujua kusoma wala kuandika, lakini ungemwambia idadi ya wageni akiwa amelala angekutajia kilo za mchele bila kufumbua macho. Pilau yake ilikuwa ya kupaliwa: makaa kidogo chini, makaa mengi juu ya kifuniko, na yeye ameinama hapo akiyapanga moja moja kwa koleo. "Pilau isiyopaliwa ni wali uliochafuka," alizoea kusema. Kwa miaka arobaini aliinama hivyo. Gunia la mkaa lilikaa pembeni mwa chumba tulimolala sisi watoto, na asubuhi tuliamshwa na kikohozi chake kabla ya adhana. Hatukukiona kuwa ni ugonjwa. Tulikiona kuwa ni mama.

Siku moja hakuweza kupanda kilima kutoka barabarani hadi nyumbani. Nikampeleka hospitali, na daktari kijana mwenye masihara akamsikiliza mgongo, akamwambia mapafu yake ni ya mtu aliyevuta maisha yake yote.

Mama akakasirika kwelikweli. "Mimi? Sijawahi kuweka sigara mdomoni mwangu!"

"Hukuvuta sigara, mama," daktari akasema. "Umevuta sigiri."

Sigiri ndilo jiko la mkaa, na Kampala kila nyumba inayo. Mama alinuna mpaka tukafika nyumbani. Mimi nilicheka njiani, kisha usiku ule nikalia, kwa sababu daktari alikuwa ameniambia pembeni kwamba akiendelea kuinama juu ya mkaa, hatuna miaka mingi naye.

Basi nikamhamishia kwangu Kyebando, nimweke mbali na sufuria. Alikuja na kitanda chake, mswala wake, sufuria yake kubwa, sigiri yake, na gunia la mkaa lililojaa hadi nusu. Gunia lile akaliegemeza barazani penye kiti chake, akakaa nalo.

Lililonichoma zaidi ni kwamba wakati huo mimi nilikuwa katibu wa kikundi cha makaa ya maganda. Tulikuwa watu kumi na mmoja, nyuma ya karakana ya fundi mmoja wa vyuma, Mkenya wa Kakamega aliyekuja Kampala kuchomelea madirisha akanogewa akakaa. Kampala ni mji wa matoke, na kila jikoni kuna kilima cha maganda kinachooza. Tuliyakusanya, tukayakausha juani, tukayachoma ndani ya pipa lisilo na hewa nyingi mpaka yawe meusi, tukayasaga, tukayachanganya na uji wa muhogo, kisha tukayabana kwa mashine ambayo fundi aliiunda kutokana na jeki ya lori. Yanatoka kama maandazi meusi. Yanawaka polepole, hayarushi cheche, na moshi wake ni kidogo mno.

Nilimletea mama mfuko mzima. Akachukua moja, akalinusa, akalirudisha.

"Takataka," akasema. "We mtoto, nimepikia watu wakubwa mimi. Siwezi kupika kwa takataka."

Mganga hajigangi. Nilikuwa nikizunguka shule na makanisa na misikiti nikihubiri juu ya mapafu ya akina mama, na barazani kwangu mama yangu mwenyewe anapepea sigiri. Fundi alipenda kunitania. "Mwalimu, hiyo serikali utaishinda," alisema. "Huyo mzee wako sasa, hapo tuombe tu."

Serikali yenyewe ilikuwa inaandaa kanuni mpya za nishati ya kupikia. Tulipata rasimu, nikaisoma kwa kalamu nyekundu mkononi, tabia ambayo sitaiacha. Ilikuwa na maneno mazuri juu ya misitu, na ya kweli, kwa maana yule aliyeuza mkaa mtaani kwetu alikuwa akisema kila mwaka lori linautoa mbali zaidi. Lakini rasimu ilianza na faini na kukamata. Haikusema popote yule mama wa sigiri apikie nini kesho yake. Na sisi wa maganda tulihesabiwa kama watu wanaorundika taka katika makazi, maana yake siku yoyote karakana ingeweza kufungwa. Tuliomba mambo matatu tu: makaa ya maganda yatambuliwe kuwa nishati safi na watengenezaji wapewe leseni, majiko bora yasitozwe ushuru, na jikoni za shule na hospitali za serikali ziwe za kwanza kubadilika, ili watu waone.

Tuliandika barua tatu kwa Kiingereza cha kupiga magoti. Kimya. Ya nne niliiandika nikiwa nimekasirika, nikamweleza mheshimiwa asiyejulikana habari za mama yangu na sigiri yake, na hiyo ndiyo iliyojibiwa. Ofisa mmoja wa kike akanipigia simu shuleni, sauti ya mtu asiye na muda.

"Nitafika kwenu Jumamosi saa nne," akasema. "Lakini nisikute orodha ya majina iliyoandikwa na mkono mmoja. Hizo nimezichoka. Nataka kila anayepika atie sahihi yake mwenyewe, mbele yangu. Jumatatu tunafunga kupokea maoni."

Ilikuwa Jumatano. Hapo ndipo mwalimu wa Kiswahili alipoingiwa na majivuno. Mtaa wetu una Wakenya, Wakongo, Wanubi, na wengine ambao lugha yao ya kukutania ni hii yetu, na tangazo la Kiswahili nikasema nitaliandika mimi, sanifu, ili kwa mara moja watu wasikie lugha iliyonyooka. Naikumbuka kila herufi. "Wakazi wote mnaopika mnaombwa kufika katika karakana ya fundi siku ya Jumamosi saa nne asubuhi kwa shughuli muhimu ya nishati. Kila mtu aje na kalamu yake."

Nikalipeleka kwa mtangazaji. Huyu alikuwa Muganda mwenye vipaza sauti viwili vilivyofungwa juu ya mti wa umeme pale kwenye maduka, na kwa ujira mdogo alitutangazia misiba, mbuzi waliopotea na mikutano. Kwa Kiganda alisema kutoka kichwani. Kwa Kiswahili alisoma karatasi, na l na r zake zilikwenda zilikotaka. Kwake marehemu alikuwa "malehemu." Mwezi mmoja kabla ya hapo alitutangazia "kalamu ya halusi," na sote tulielewa ni karamu ya harusi, tukaenda tukala. Tulikuwa tumezoea. Masikio ya Kyebando yalikuwa yanamsahihisha yenyewe, bila kumwomba mwenye nayo ruhusa.

Mama alikuwa mwanafunzi wake bora. Kutwa nzima alikaa barazani na wanawake wa jirani akimsikiliza, akicheka mpaka anakohoa, na jioni niliporudi kutoka shule alinisimulia matangazo yote kwa sauti ya yule bwana. Alhamisi na Ijumaa mimi nilikuwa shuleni nikisimamia mitihani. Sikulisikia tangazo langu hata mara moja. Ijumaa jioni nikamwuliza mama kama limesomwa.

"Limesomwa," akasema, "na watu wamelielewa."

Sikuuliza zaidi. Nilikuwa na karatasi za kupiga mistari.

Jumamosi nikaondoka nyumbani mapema. Fundi alikuwa ameazima mabenchi kanisani kwake na kufunga turubai. Nikapanga karatasi juu ya meza, nikaweka kalamu yangu nyekundu pembeni kwa ajili ya kusahihisha, nikakaa nikisubiri watu na kalamu zao.

Wa kwanza alikuwa jirani Mkongo, sufuria kichwani, kitambaa juu yake. Nikadhani anapita kwenda mahali. Akaitua juu ya karatasi zangu. Nyuma yake akaja mwingine na beseni la samaki wadogo wa kukaanga. Akaja mke wa fundi na ugali mkubwa wa kutosha jeshi, na mboga ya sukuma. Wakaja wanawake wawili wa Kinubi na gurusa, ile mikate yetu laini, imepangwa juu ya sinia kama vitabu. Wakaja Waganda, watu wengi tu, na hawa hawakushika chochote. Nikawauliza. Wakasema mtangazaji amewaambia waje kuweka mkono. Kwa Kiganda kutia sahihi ni kuweka mkono, basi wamekuja na mikono.

Nikamgeukia yule Mkongo. "Dada, kalamu iko wapi?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jina la mumewe. "Si hii, mwalimu?" Akafunua sufuria. Pondu, majani ya muhogo, yananukia mawese.

Damu ilinipanda kichwani. Saa tatu na dakika arobaini, ofisa yuko njiani, na mimi nimeitisha karamu. Nikatoka mbio mpaka kwenye maduka, nikamkuta mtangazaji amekaa chini ya vipaza sauti vyake, anakunywa chai. Sitarudia niliyomwambia. Alinisikiliza mpaka mwisho, akaweka kikombe, akatoa karatasi yangu mfukoni, akaikunjua juu ya goti.

"Nyabo, bibi, kalatasi yako hii. Wewe uliandika nini? Kalamu. Mimi nasoma nini? Kalamu. Mala sita nasoma. Kalamu, kalamu, kalamu."

Na alikuwa na haki. Kwa mara ya kwanza tangu afunge vipaza sauti vile, bwana yule alikuwa ametamka neno langu sawasawa, na mtaa mzima ukamsahihisha. Nilimwomba radhi, kwa shida. Yeye akasema hakuna matata, akauliza kama ni kweli kuna chakula, akachukua kofia yake tukarudi pamoja.

Tuliporudi tulimkuta mama. Alikuwa amekuja juu ya mkokoteni, amekaa pembeni ya sufuria yake kubwa kama bibi harusi, na mchele, nyama, vitunguu na viungo vyake vimefungwa katika kanga. Wanawake wa barazani kwetu walikuwa wanausukuma.

"Mama, unafanya nini hapa?"

"Si mmesema karamu? Karamu gani haina pilau?" Akashushwa, akatazama huku na huku. "Mkaa uko wapi?"

"Hapa hakuna mkaa. Unajua kabisa kwamba hapa hakuna mkaa. Gunia lako uliliacha wapi?"

"Gunia zito," akasema. "Na mimi nimeambiwa nisibebe vitu vizito."

Watu walikuwa wameshakaa. Njaa haina adabu, na walikuwa wanamtazama yeye, si mimi. Fundi, ambaye katika mambo haya ana akili kuliko walimu, hakungoja kuombwa. Alikokota katikati jiko kubwa alilokuwa amelitengeneza kama mfano wa jiko la shule, la bati nje na udongo ndani, akalijaza makaa ya maganda, akawasha. Mama akasimama mbele yake, mikono kiunoni.

"Moto gani huu, hausemi?"

"Unasema polepole, Mama," fundi akajibu. "Ngoja tu."

Akangoja. Akakaanga vitunguu, akilalamika. Akaweka nyama, akilalamika. Akasema moto mvivu, akasema unamtia usingizi, akasema mwanawe amemwaibisha mbele ya Wakongo. Mchele ulipokauka maji akadai koleo, akayachukua yale maandazi meusi yaliyoiva moto, akayapanga juu ya kifuniko moja moja kama alivyofanya maisha yake yote, ameinama, uso karibu kabisa.

Ofisa alifika wakati huo, amechelewa zaidi ya saa nzima. Alikuwa mwanamke wa makamo, suti ya kijivu, faili kubwa, na uso wa mtu aliyepanga kukaa nusu saa. Alitarajia mkutano wa mabenchi na malalamiko. Akakuta shughuli. Nikaanza kumweleza, na nilivyo mimi nikaanza na kanuni ya l na r, na nikaona anazidi kunikunjia uso. Mtangazaji akaniokoa. Akamweleza yote kwa Kiganda, na kumbe Kiganda chake kilikuwa kitamu ajabu, mpaka ofisa akacheka akashika faili lisianguke.

"Basi nipeni kiti," akasema.

Mimi nilikuwa namsikiliza ofisa kwa sikio moja. La pili lilikuwa kwa mama, kama lilivyokuwa tangu utoto wangu, likisubiri kile kikohozi. Kwa kawaida kilikuja akiinama kupalia. Alipalia, akayageuza, akapalia tena. Kuku wa jirani walilia, watoto walilia, mke wa fundi alikuwa anacheka mahali. Kikohozi hakikuja. Nilifurahi kuliko nilivyofurahi siku nyingi. Sikumwambia mtu.

Watu walikula. Ofisa alikula sahani mbili na gurusa juu yake. Akamwendea mama na daftari.

"Mama, haya makaa unayaonaje? Nataka niandike maneno yako."

Mama akafikiri. Hakuwa mtu wa kusifu bure. "Mavivu," akasema. "Mtu mwenye haraka yatamwudhi. Lakini nimesimama hapa tangu asubuhi, na kifua kimenyamaza. Andika hivyo."

Ofisa akaandika hivyo. Kisha akatazama saa, akasema tutie sahihi, na tukarudi kwenye aibu yangu: watu wote wale, na kalamu mbili. Yake, na yangu nyekundu. Wakajipanga. Fundi alipofika mezani akasita, akauliza kama Mkenya anaruhusiwa.

"Unapikia wapi?" ofisa akamwuliza.

"Hapa hapa Kyebando."

"Basi tia."

Mstari ukaenda, na mimi nikawa naita watu, mwalimu tena, njooni, njooni. Nikaona jambo ambalo nilipaswa kuliona mapema. Wanawake kadhaa, wengi wao wale wale wa barazani waliosukuma mkokoteni, walikuwa wameingiwa na bidii ya ghafla ya kuosha vyombo. Kila nilipowaita waliinamisha vichwa zaidi, wakasugua zaidi. Mmoja akasema mikono yake ina sabuni.

Mama alikuwa anawatazama. Akainuka, akaiendea sufuria yake iliyokuwa imeshateremshwa, sufuria yenye masizi ya miaka arobaini chini yake, akalipitisha dole gumba kwenye kitako mpaka likawa jeusi tii. Akaja mezani, akamsukuma mtu aliyekuwa na kalamu.

"Niweke wapi?"

Nikamwonyesha mstari. Akabonyeza. Nikaandika jina lake pembeni kwa wino mwekundu. Alipogeuka, wale wa vyombo walikuwa wamesimama nyuma yake, mmoja mmoja akipita kwenye kitako cha sufuria. Nikamwuliza ofisa kama lazima uwe wino wa mhuri. Akalitazama lile dole la masizi.

"Huu unatosha," akasema.

Aliondoka saa nane na nusu na faili lake, na karatasi ambazo nusu yake zilikuwa nyekundu na nusu nyeusi. Alibeba pia pilau katika mfuko wa plastiki. Kuhusu mfuko huo wa plastiki fundi alitaka kumwambia neno, nikamkanyaga mguu.

Kanuni zilichukua muda wao, kama mambo ya serikali yanavyochukua. Zilipotoka nilizisoma nimesimama ofisini kwa mwalimu mkuu. Ushuru wa majiko hawakuugusa. Lakini makaa ya maganda yalikuwa humo, mstari mmoja na nusu, yametambuliwa, pamoja na utaratibu wa leseni kwa watengenezaji wadogo. Jikoni za shule zilikuwemo pia, ingawa kwa maneno ya kuzunguka. Mawili kati ya matatu; mwanafunzi akinipa hayo namwandikia "vizuri." Leseni ya karakana sasa imetundikwa ukutani ndani ya fremu ya chuma aliyoichomelea fundi mwenyewe, nzito kiasi kwamba tunaogopa kupita chini yake. Mtangazaji naye alijiona mshindi pamoja nasi, akakisoma kile kifungu hewani siku mbili bila malipo, na hakuna aliyemsahihisha.

Mama alishakwisha kurudi Kibuli wakati huo. Hakuweza kuishi mbali na shughuli zake. Kikohozi hakikumtoka chote, na daktari alisema hakitatoka, lakini anapanda kilima, anapumzika mara moja tu karibu na msikiti, anafika. Alikuwa anapikia makaa ya maganda na hakukubali hata siku moja kuyataja. Wateja wakiuliza aliwaambia ni "mkaa maalumu." Nilimpelekea magunia mawili kila mwezi kwa bodaboda, na kila mwezi aliniambia yamezidi kuwa mavivu.

Nikaenda na kanuni zangu mkononi nimsomee. Alikuwa anachambua mchele uani. Nikamtafsiria ule mstari na nusu neno kwa neno, na yeye akauliza kama pilau imetajwa. Nikasema hapana. Akaguna, akaendelea kuchambua.

Nilikuwa na furaha, na furaha inanifanya niseme sana. Nikaanza kucheka habari za siku ile, wale na masufuria yao, wale na mikono yao mitupu. "Lakini mama, ndiyo bahati yetu," nikasema. "Kama masikio yako yangesikia vizuri siku ile, tusingepata hata nusu ya watu."

Akaacha kuchambua. "Masikio yangu yana nini?"

"Nasikia ni wewe uliyewaambia majirani kwamba ni karamu?"

"Ni mimi."

"Naye mtangazaji alisema kalamu."

"Alisema kalamu," mama akajibu. "Mala sita. Mimi kifua ndicho kibovu, masikio hayana ugonjwa." Akaokota jiwe katika mchele, akalitazama, akalitupa. "Wanawake wa barazani walitazamana, wakaanza kusema Jumamosi watakuwa na nguo za kufua. Na mimi nilikuwa na nguo za kufua. Umeandika kila mtu aje na kalamu yake, mwanangu. Yangu umewahi kuiona?"

Nilikaa chini pale pale uani, kanuni zikiwa mapajani. Mwalimu mzima. Tangu nizaliwe nilikuwa namwona akitia dole gumba, kwenye kadi zangu za shule, kwenye fomu za hospitali, na nilipokaa kuwaita watu wanaopika nikamfungia mlango yeye wa kwanza.

Hakungoja niombe radhi. Alinisogezea sinia, nichambue upande wangu.

"Nikawaambia huyo bwana kakosea kama kawaida yake, ni karamu," akasema. "Sufuria kila mmoja anayo."